Mwaka mmoja katika ulimwengu wa kubuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waandishi wa Unguja na Pemba

Miswada ya fantasia ninayoletewa na vijana wa hapa visiwani mara nyingi ina ukurasa wa mwanzo unaofanana: orodha ya matukio makubwa ya mwaka fulani katika ulimwengu ambao mwandishi ameubuni. Mfalme kafa. Vita vimezuka. Nyota imeanguka baharini. Ukurasa huo ninausoma kwa makini kuliko sura nyingi zinazoufuata, kwa sababu ndipo panapojulikana kama ulimwengu ule una maisha yake au bado haujaanza kuishi. Yaliyo hapa chini ni maswali yanayorudi kila mara. Nimeyajibu kwa kuvitazama visiwa vyetu wenyewe, maana naamini kwamba katika ulimwengu wa visiwa upepo, mwezi na mavuno hutangulia, na wafalme hufuata nyuma.

Kwa nini niandike mwaka mmoja, wakati ulimwengu wangu una historia ya miaka elfu tatu?

Miaka elfu tatu haina mtu ndani yake. Kwenye mwaka mmoja kuna mtoto aliyezaliwa masika, na vuli inaingia anatambaa. Kuna deni lililokopwa kabla ya mavuno na mkopeshaji anayehesabu siku. Kuna posa iliyokubaliwa na mahari ambayo haijatimia. Msomaji anayashika hayo. Akishayashika, ukimwambia kwamba mwaka huohuo nasaba ya watawala ilianguka, atakuuliza lile deni liliishia wapi, na hapo umeshampata.

Miaka elfu tatu iweke kwenye daftari lako. Utaihitaji ili usijipinge mwenyewe. Msomaji hana haja ya kuoneshwa yote.

Mwaka wa ulimwengu wangu uanze siku gani?

Wengi huanza tarehe mosi ya mwezi wa kwanza bila kufikiri, kisha wanashangaa kwa nini sikukuu yao ya mwaka mpya haina ladha.

Tazama Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kule mwaka unakogwa mwezi wa Julai. Siku ya Mwaka ina asili ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, imekaa pwani hii kwa karne nyingi mpaka imekuwa ya wenyeji, na sherehe zake huchukua siku nne. Wanaume wa pande mbili za mji, kaskazini na kusini, hukabiliana uwanjani kwa mabua ya migomba, na kila mwenye kinyongo hukimalizia hapo ili asikivushe mwaka. Wanawake huja kwa mavazi yao mazuri wakiimba, na nyimbo nyingine zina mafumbo ambayo mlengwa huyajua bila kutajwa jina. Kibanda cha makuti hutiwa moto, na watu hutazama moshi unaelekea wapi. Nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa imekosa bahati, ndiyo maana mgeni hukaribishwa hata kama hakuna anayemjua.

Hesabu kazi zilizofanywa na siku hiyo moja: ugomvi umepatiwa mahali pa kuishia, siri za mji zimesemwa kwa wimbo, mwaka ujao umetabiriwa, na mgeni amepewa sababu ya kuingia ndani. Mwandishi akiwa na siku kama hiyo, nusu ya matukio ya mwaka wake yanajitokeza yenyewe. Nani alikataa kupigana? Nani hakupata mgeni? Moshi uliinama upande gani, na nani aliuona akanyamaza?

Usiichukue Makunduchi nzima ukaibandika kwenye hadithi yako. Chukua hiyo namna ya kufikiri: mwaka mpya ni kitu ambacho watu wanakifanya kwa mikono na miguu yao.

Nitumie kalenda ngapi?

Zaidi ya moja, tafadhali. Sisi wenyewe tuna tatu na tunaziishi bila kuchanganyikiwa.

Kuna kalenda ya ofisini na skuli. Kuna mwaka wa mwezi, wenye siku 354 au 355, ambao hutangulia mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani hupita misimu yote na kurudi ilikoanzia baada ya takriban miaka 33. Wazee huihesabu miezi yake kuanzia Idi ndogo: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Idi kubwa iko Mfunguo Tatu, Maulidi yako Mfunguo Sita. Halafu kuna ule mwaka wa mabaharia na wakulima, unaoanza Siku ya Mwaka. Una siku 365 bila kuongezwa siku yoyote, na huhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36, na siku tano za kumalizia. Kwa kuwa hauna mwaka mrefu, kila miaka minne hurudi nyuma siku moja ukiulinganisha na kalenda ya ofisini.

Kalenda mbili zikikutana, hadithi inapatikana hapo. Mavuno yakiangukia mwezi wa kufunga, nani atapanda mti juani na koo kavu, na tajiri atalipa kiasi gani? Miaka kumi na sita baadaye mfungo umehamia msimu mwingine kabisa, na vijana hawaelewi kwa nini wazee wao walikuwa na sheria ile ya kuchuma usiku.

Tena kumbuka kwamba kwetu siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Mpe jasusi wa ng'ambo barua isemayo "tutavuka usiku wa Ijumaa", naye awe anahesabu siku kuanzia katikati ya usiku. Ataweka walinzi ufukweni siku moja baadaye, majahazi yameshapita.

Pepo zina uhusiano gani na matukio? Si nitaje tu kwamba kulikuwa na upepo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yamejaa tende, samaki wa chumvi, mazulia, nguo na watu. Kusi huanza kushika Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi, na ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha makwao na karafuu, pembe na boriti za mikoko. Katikati yake bahari hulegea na matlai hupumua kutoka mashariki. Nahodha aliyechelewa kuondoka alikwama mpaka msimu mwingine, na mtu aliyekwama miezi mingi katika mji wa bandari huoa, huzaa, hufungua duka. Sehemu kubwa ya watu wa pwani hii wana mababu waliokuja na kaskazi.

Sasa lipeleke hilo kwenye ulimwengu wako. Mfalme wa ng'ambo akifa Juni, kisiwa chako hakitajua mpaka kaskazi ianze kuvuma Desemba. Kwa miezi sita khatibu anamwombea dua mtu aliyekwisha kuzikwa. Kadhi anakata hukumu kwa jina lake. Sarafu zinaendelea kupigwa zenye sura yake. Halafu jahazi la kwanza linaingia, nahodha anateremka, na mtu wa kwanza kuambiwa ni nani? Mkuu wa forodha? Mkewe? Mpagazi aliyemshika mkono kumteremsha? Huyo mpagazi, kwa muda wa kutembea kutoka ufukweni hadi msikitini, ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote kisiwani.

Historia yetu imeyashuhudia mambo ya namna hii. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja, alifariki Oktoba 1856 akiwa baharini, karibu na Ushelisheli, njiani kutoka Maskati kuja Unguja. Barghash, mwanawe, alikuwa chomboni. Wanawe wengine, Majid alikuwa Unguja, Thuwaini alikuwa Maskati, na kila mmoja aliipata habari kwa wakati wake. Dola iliyokuwa moja ikaishia kugawanywa rasmi sehemu mbili mwaka 1861, Unguja upande wake na Omani upande wake. Bahari iliyokuwa katikati ya ndugu wale ilikuwa na kauli katika jambo hilo.

Kwa hiyo kila tukio unaloliandika lipe tarehe mbili: siku lilipotokea na siku lilipojulikana.

Matukio mangapi yanatosha?

Saba au nane. Ukizidisha hapo, msomaji anasoma orodha ya manunuzi.

Visiwa vyangu viwe vinafanana?

Visifanane hata kidogo. Unguja na Pemba zimetengana kwa kilomita 50 hivi tu, mtu anavuka kwa boti asubuhi na mchana yuko mezani kwa shangazi yake, lakini chini ya maji ni dunia mbili. Mkondo kati ya Unguja na Bara ni wa kina kifupi, na zamani, bahari ilipokuwa chini, mahali pale palikuwa nchi kavu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na Pemba imetengana na Bara kwa muda mrefu mno. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye, na Pemba ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwingine kokote duniani.

Udongo nao ni hivyohivyo. Pemba ni vilima na mabonde yenye rutuba, mikarafuu mpaka machweo. Mashariki mwa Unguja ni mawe ya matumbawe, watu wanategemea bahari: uvuvi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kilimo cha mwani.

Kisiwa chenye udongo na kisiwa chenye mawe haviwezi kuuona mwaka kwa jicho moja. Ukame ni msiba mmoja kwa mwenye mikarafuu na ni msiba mwingine kwa mwenye wavu.

Nipe mfano wa mwaka wa kweli ninaoweza kujifunzia.

1872. Kila anayeniuliza ninampa huohuo.

Seyyid Barghash ana mwaka mmoja na nusu kwenye kiti, baada ya ndugu yake Majid kufariki Oktoba 1870. Mji bado una huzuni ya kipindupindu cha 1869 na 1870. Unguja imejaa mikarafuu iliyopandwa tangu zama za Seyyid Said, na wenye mashamba wanakopa kwa wafanyabiashara wakiweka rehani mavuno ambayo bado yako mtini. Tarehe 15 Aprili kinaingia kimbunga. Unguja iko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, mahali ambapo vimbunga ni nadra sana kufika, kwa hiyo hakuna aliyejiandaa. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja inaangamia. Majahazi yanavunjika bandarini pamoja na merikebu za Sultani. Pemba inasalimika kwa sehemu kubwa.

Orodha za miswada mingi zingeishia hapo: kimbunga kikubwa, mashamba yameharibika. Mimi naona ndiyo kwanza mwaka umeanza. Mkarafuu unaopandwa leo huchukua takriban miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa. Mwenye shamba wa Unguja ana deni na hana mavuno, wala hatayapata mpaka mwanawe aliye chuo cha Kurani awe kijana. Mwenye shamba wa Pemba ameamka na miti yake imesimama huku karafuu zikiwa adimu sokoni na bei ikipanda. Kitovu cha zao kinahama kisiwa, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba.

Mavuno yanataka mikono, na mikono ya wakati ule ilikuwa ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, anatia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Mkunazini linafungwa. Wakati huohuo Pemba inahitaji watu kuliko wakati wowote, na biashara hiyo ikaendelea kwa magendo miaka mingi, watu wakiteremshwa kwa siri kwenye ghuba na mikoko. Mwandishi anayetaja kimbunga na bei ya karafuu, asiwataje walioteremshwa usiku na kupelekwa shambani, ameuandika mwaka wa matajiri tu. Ninamrudishia mswada wake.

Mwaka huohuo wa 1873 anafariki Mwinyi Mkuu wa mwisho, mtawala wa jadi wa wenyeji wa Unguja aliyekuwa na kasri Dunga. Siwa, yaani pembe ya utawala, na ngoma zake zikabaki, mwenyewe hayupo. Hilo halikusababishwa na kimbunga, na ni vizuri liwe hivyo. Mwaka wa kweli huwa na mambo yanayokaa pamoja bila moja kulizaa jingine.

Kuna uzi mmoja zaidi. Sultani aliyepoteza merikebu zake aliagiza nyingine kutoka Uingereza. Mojawapo ikaitwa Glasgow. Iweke akilini, tutakutana nayo kwenye swali linalofuata.

Ulimwengu wangu hauna vita. Je, utachosha?

Hautachosha. Lakini kama una vita, soma kilichotokea hapa Agosti 1896 kabla hujaviandika.

Tarehe 25 Seyyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Unguja, alifariki ghafla. Siku hiyohiyo Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza Sultani, bila ridhaa ya Waingereza. Akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Dakika mbili baada ya saa tatu mizinga ya manowari ikaanza kulia, na kabla ya saa nne ilikuwa imenyamaza. Wanaohesabu husema dakika 38, wengine hufikisha 45. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Glasgow, ile iliyonunuliwa baada ya kimbunga, ilizamishwa palepale mbele ya mji, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji mpaka mwaka 1912. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini siku hiyohiyo.

Waandishi huvutiwa na zile dakika 38. Ninachowaomba ni watazame kingo zake. Usiku wa kuamkia tarehe 27, nani alilala mjini? Tarehe 27 ilikuwa Alhamisi. Kesho yake ni Ijumaa, na khatibu anapanda mimbari akiwa na jina la mtawala la kulitaja katika dua, la tatu ndani ya siku nne. Muuza samaki wa Malindi aliyekuwa amekopesha jikoni la kasri anakwenda kumdai nani? Na milingoti ile: mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka kama kumi na sita ilipoondolewa, kwa hiyo utoto wake wote aliiona kila alipotazama bahari. Kwake yeye ilikuwa sehemu ya bandari tu, mahali pa ndege kutua.

Majini, wachawi na viumbe wa ajabu niwaweke wapi kwenye mwaka?

Waweke mahali palepale walipo kwenye maisha yetu, yaani katikati ya kazi.

Chui wa Unguja alikuwa mnyama wa kweli, mdogo kuliko wa Bara. Pamoja na hayo watu vijijini waliamini kuwa wako chui wa porini na wako chui wa kufugwa, wanaomilikiwa na wachawi na kutumwa kudhuru. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kukafanyika kampeni ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja, na kufika katikati ya miaka ya 1990 watafiti hawakuwa na matumaini kwamba amesalia. Angalia jinsi imani, siasa na mnyama halisi vilivyosokotwa kwenye tukio moja. Hakuna aliyekaa pembeni kueleza "kanuni za uchawi". Mtu alipoteza mbuzi, akamshuku jirani, na serikali ikasikiliza.

Mwaka 1995 ilikuwa popobawa, kiumbe kinachosemwa huwavamia watu usiku wakiwa wamelala. Hofu ilianzia Pemba, ikavuka Unguja, na watu wakalala nje ya nyumba zao kwa makundi, wamekoka moto. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule ana la kusimulia, na wengi hawataki kulisimulia. Kama mwandishi, kinachonigusa ni zile usiku za kulala nje: majirani waliokuwa hawasemezani wamelala mkeka mmoja.

Na kuna miujiza ya upole. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika huko akawaomba wavuvi msala wa kuswalia, nao hawakuwa nao, basi akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakuwa msala wake. Wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, Misali wanaikanyaga ardhi hiyo kila siku, wanapika wali juu yake. Ulimwengu wa kubuni unahitaji utakatifu wa aina hiyo, unaoishi pamoja na sufuria.

Naweza kuweka tukio ambalo si kubwa? Mwalimu wangu anasema kila tukio lazima libadilishe historia.

Weka. Mwezi wa Mei 2008 umeme wa Unguja, unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, ulikatika na haukurudi kwa takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Hakuna mtawala aliyeanguka. Lakini pampu za maji zinatumia umeme, basi maji nayo yakakata, na ndoo zikapangwa foleni alfajiri. Barafu ikawa adimu, mvuvi akalazimika kuuza samaki wake wote kabla ya adhuhuri au awatie chumvi. Mafundi cherehani wenye mashine za umeme wakarudi kwenye zile za kukanyaga. Vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa ngurumo za jenereta za wenye uwezo, na kandili zikatoka stoo. Kila mtu mzima wa Unguja anaukumbuka mwaka ule, hata kama vitabu vitaupa mstari mmoja.

Tukio jingine la aina hiyo: mvua ya ghafla siku ya kuanika. Karafuu mbichi zimetandazwa kwenye majamvi uwanjani, makonyo yametengwa upande, mtoto kapewa fimbo ya kufukuzia kuku. Zinahitaji siku kadhaa za jua kali mpaka ziwe za hudhurungi na kuvunjika kwa kucha. Wingu linajitokeza nyuma ya mnazi. Bibi anaita mara moja tu, na kila aliye nyumbani, pamoja na mgeni aliyekuja na kanzu yake nyeupe, anashika ncha ya jamvi. Karafuu ikilowa inavunda na kupauka, na bei yake inaporomoka. Katika dakika tano hizo utajua nani katika nyumba ile anampenda nani, nani hakuinuka, na nani aliyeshika ncha moja na mtu ambaye hasemi naye. Ningeliweka tukio hilo kwenye orodha ya mwaka bila kusita.

Nani awe anayeandika kumbukumbu za mwaka?

Mtu mwenye kazi nyingine. Karani wa mfalme anajua yanayopita kasrini, na hajui zaidi ya hapo. Nahodha anajua tarehe za pepo na majina ya waliozama. Mwanamke wa mwani anaujua mwaka kwa bamvua, yale maji yanayotoka mbali mwezi unapoandama na unapotimia, kwa sababu ndiyo siku zake za kuingia shambani, na siku za maji mafu ndizo za kushughulikia mambo mengine. Ukimpa yeye kalamu, matukio yatapangwa kwa bamvua, na vita vitatajwa kama jambo lililozuia wanunuzi kufika.

Au usimpe mtu kalamu. Mwache mwaka uhifadhiwe kwenye nyimbo za Siku ya Mwaka, ubeti kwa ubeti, na kila upande wa mji uwe na ubeti wake.

Naweza kuchukua msiba wa kweli nikaubadili majina?

Misiba ya zamani sana, ndiyo, kwa adabu. Misiba ambayo wenyewe bado wako hai, usiiguse kwa ajili ya fantasia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu wengi kupita kiasi. Zipo nyumba Pemba ambazo zilipoteza watu wa vizazi vitatu usiku mmoja. Mtu wa nyumba hiyo akiufungua mswada wako akakuta dragoni ameizamisha ile meli, atakusamehe vipi? Unaweza kuandika chombo kuzama. Kiandike kwa namna ambayo aliyefiwa akiisoma ataona umeyajua maji yale na umemheshimu aliyekuwamo.

Kumbukumbu ziandikwe kwa urefu gani?

Kurasa tatu au nne, na zisilingane. Tukio moja lichukue ukurasa mzima, jingine sentensi moja. Usimalizie kila tukio kwa kueleza maana yake.

Nitumie majina halisi ya mahali, au nibuni yangu?

Ukitumia jina la kweli, chukua na ukweli wake. Ukisema Pujini, basi ujue kule Pemba kuna magofu ya ngome ya karne ya 15, na wenyeji humsimulia Mkama Ndume, mtawala aliyewatesa watu wake kwa kazi ya kubeba mawe. Ukimweka mtawala mpole mwenye bunduki na darubini, mzee wa Pujini hatakuelewa, naye ana haki. Ukisema Kizimkazi, kusini mwa Unguja, msikiti wa Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, kwa hiyo usiandike kwamba Uislamu uliingia kisiwani humo zama za Wareno. Ukitaka kuyageuza hayo, geuza na jina, lakini liache likae vizuri mdomoni mwa mtu wa kwetu. Litamke kwa sauti mara kadhaa, kisha mpe mdogo wako wa darasa la tatu alisome. Akilikwaa, libadili kabla hujaendelea na sura ya pili.